Chupa ya Chai Hulala Penye Mgonjwa

Kaengesa,
18 Februari 2025

Mke wangu mdogo Coleta,

Salamu hizi zinatoka kwa mumeo wa kwanza, yule asiye na meno ya mbele. Nakuitikia marahaba kabla hujaniamkia, kwa sababu najua ukianza utaanza na ukali. Hapa tu wazima. Mahindi yamefika kifuani, maharage yametoa maua. Katekista Yusto amewekewa jino la bandia na sasa akisoma Injili anapiga mluzi, watoto wanakuja kanisani kwa wingi kuliko zamani. Mbuzi wa Hellena amezaa mapacha, akawapa majina ya mapadre wawili wa misheni. Wanasema mimi ndiye niliyemshauri. Msalimie sana mume mwenzangu Abel.

Sasa habari yenyewe: mimi sijafa.

Najua shangazi yako Lydia amekupigia kukwambia kwamba msiba ulikuwa wa uongo, lakini nataka uisikie kwa marehemu mwenyewe.

Siku ile ilikuwa Jumapili baada ya misa. Tulikaa uwanjani kwangu, nyumba sita za hapa jirani, tumetandika mikeka, mtungi wa pombe ya ulezi katikati, na vyombo vyangu vyote viko nje: masufuria makubwa, pasi ya mkaa, msumeno, ngazi, baiskeli, hadi kinu cha marehemu bibi yako. Mtu akiitwa anasimama, anapokea kwa mikono miwili, tunapiga makofi kidogo. Masanja, yule Msukuma wa ng'ombe, akapokea baiskeli. Sasa wewe niambie, Mfipa akipita barabarani akayaona hayo, atasema nini? Atasema watu wameanua matanga, wanagawana vitu vya marehemu. Na mwenye vitu haonekani! Mwenye vitu alikuwa chooni. Pombe ya Hellena ilikuwa changa, ikanikimbiza.

Ndipo lori la mahindi likapita, na kwenye usukani yumo Raymond wa shangazi yako. Hakuweza kusimama, tajiri mwenye lori alikaa pembeni yake. Akapunguza mwendo, akatazama mikeka, akatazama vyombo, akanitafuta, hakuniona. Akavua kofia. Akavua kofia, Coleta! Masanja akadhani anasalimiwa, akampungia mkono na baiskeli yangu kifuani.

Raymond akampigia mama yake Namanyere. Lydia akapiga simu yetu, akaikuta imezimwa, maana jua halikutoka siku mbili na sola ya Hellena ilikuwa imelala. Basi Lydia akafunga khanga kiunoni, akapanda basi. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba napalilia, nikasikia kilio kinatoka barabarani. Nikajiuliza, nani tena katutoka? Nikanawa miguu, nikashika fimbo, nikaenda msibani kama mtu mwenye adabu. Kila niliyemwuliza njiani "Jamani, kafa nani?" alinitazama akaongeza mwendo.

Tulikutana kwenye daraja la magogo. Nilimjua kwa sauti. Nikamwambia, "Pole mama, nani huyo?" Akanishika mashavu, akanipapasa masikio. Kisha akanipiga kofi la mgongo ambalo mpaka leo nalala kifudifudi. Akasema, "Baba, mtu anagawa vitu vyake akiwa hai? Unajichuria!" Nikamwambia sigawi, nasambaza.

Ilianza na matoroli. Hapa kwetu palikuwa na matoroli manne, yote maiti. La Yusto halina gurudumu. La Hellena lina gurudumu, halina mikono. La Masanja limetoboka tumbo, langu limekatika miguu. Kila mtu anasikitikia la kwake na kubeba samadi kichwani. Masanja akasema, "Mzee, hawa wagonjwa wanne si wanatoa mzima mmoja?" Tukayafungua, tukafunga moja, tena zuri, linalia kidogo tu kwenye mteremko. Baada ya hapo tukatazamana. Nyumba sita, ngazi tano, na mtu anapanda juu ya paa mara moja kwa mwaka! Tukasema kila kitu kikae nyumba moja, anayekihitaji aende akakichukue. Vya ziada tukauza, tukanunua bomba la kupulizia dawa, ambalo hakuna aliyeweza kulinunua peke yake.

Simu nayo ni ya wote, inakaa kwa Hellena. Hiyo ndiyo sababu nakuandikia. Ukinipigia unakipigia kitongoji kizima; Hellena anaweka sauti ya nje na kukujibu kabla yangu. Kondakta Yonas ni mtu mzuri, anachukua barua bure, ila anaisahau mfukoni akibadilisha koti.

Ni mimi mumeo, ambaye bado yuko hai,
Baltazari


Mbeya,
2 Machi 2025

Babu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imefika jana. Nimecheka mpaka jirani akagonga ukuta, kisha nikalia tena, maana siku ile niliyoambiwa nilikuwa nashona sketi za shule na sikumbuki nilizimalizaje. Zimetoka na mifuko upande mmoja. Sisi hatujambo, mvua ni nyingi. Cherehani inakwenda vizuri. Abel anakusalimu.

Babu, usinigeuzie maneno kwa utani. Shangazi amenieleza alichokiona. Anasema ndani mwako mmebaki kitanda, kiti na picha ya Bikira Maria. Vyombo vya bibi vimetapakaa kwa watu. Na ile chupa ya chai niliyokutumia Krismasi, ile nyekundu, ameikuta kwa Masanja! Nilikununulia wewe, ukiamka na baridi hiyo ya huko upate kitu cha moto. Sikuinunulia familia ya Masanja. Sisemi ni watu wabaya, lakini wewe ni mzee, uko peke yako tangu bibi atutoke, na mtu akikuomba kitu huwezi kusema hapana. Leo wamechukua ngazi, kesho watachukua bati.

Nimefikiri sana. Mahindi yakishavunwa nakuja kukuchukua. Utakaa kwangu hapa Mbeya. Nyumba tutaifunga kufuli, shamba alime Yusto. Usinijibu haraka. Fikiri kwanza.

Mjukuu wako,
Coleta


Kaengesa,
16 Machi 2025

Mke wangu mkali,

Marahaba. Nimefikiri kama ulivyoagiza. Nilifikiri kuanzia mlangoni mpaka kitini, nikamaliza.

Habari za hapa ni njema. Minza, mke wa Masanja, amejifungua mtoto wa kike, wamemwita Bertilla, jina la bibi yako. Sikuwaomba. Masanja alikuja, akakaa, akatazama miguu yake muda mrefu kama mtu aliyekanyaga mavi, kisha akasema, "Mzee, tumechukua na jina pia." Nikamwambia jina nalo lirudishwe likiwa safi. Wote wawili tukawa na mafua kwa ghafla.

Ndiyo maana chupa yako ya chai ilikuwa kule. Sikiliza, maana hili shangazi yako hakuuliza, alipiga kelele tu. Chupa ya chai haina nyumba. Chupa ya chai hulala penye mgonjwa. Nyumba yenye mtu wa homa, au mama anayekaribia kujifungua, au mzee anayekohoa, hapo ndipo inapolala. Shangazi yako alipokuja, Minza mimba ilikuwa imemlaza. Baadaye ilipita wiki moja kwa Yusto alipong'olewa jino jingine, akawa anainywa chai kwa mrija kama ndama. Kwangu haijalala tangu siku ile ya mikeka, na hilo ni jambo la kumshukuru Mungu, wewe unalifanya kesi.

Sasa kuhusu kuchukuliwa. Umeandika kama unachukua gunia. Na hilo kufuli litatoka wapi? Kufuli letu liko kwa Yusto na ufunguo umepotea.

Nikwambie kitu ambacho sikumwambia Lydia. Siku ile ya kusambaza, kila nyumba ilipewa cha kutunza. Hellena alipewa pasi na simu, Yusto masufuria ya sherehe, Masanja baiskeli na toroli. Mimi mwenye vitu vingi kuliko wote wakanipa jiwe la kunolea na tupa. Jiwe! Nilikasirika, sikula. Nikasema hawa watoto wananidharau, wameninyonyoa kama kuku wakaniachia miguu. Kesho yake, kabla sijavaa hata suruali, nasikia hodi. Ni Masanja na panga. Hajamaliza, Hellena na jembe. Baada yake mke wa katekista na kisu chake cha mboga, ambacho hakijakata kitu tangu ubatizo wake. Sasa ni msimu wa kupalilia, kila asubuhi watu wananoa. Wanakaa, wananisimulia waliyoota. Mmoja anawasha moto, mwingine anakoroga uji wangu na kuulalamikia. Tangu hapo sijakunywa uji peke yangu. Mwaka ule wa kwanza baada ya bibi yako, Coleta, nilikuwa nakoroga uji wa watu wawili na kumwagia mbwa nusu.

Hawa watu hawakukosea kunipa jiwe. Wala usidhani walibahatisha.

Kwa hiyo sitoki. Mambo ya kufungiwa ndani Mbeya nikitazama televisheni na kuulizwa kama nimekwenda choo, hapana. Na wewe mbona barua nzima Abel "anakusalimu" tu? Mwaka jana alikuwa ananitumia matusi mazuri. Mwambie ameoza.

Mumeo,
Baltazari


Mbeya,
23 Aprili 2025

Babu,

Shikamoo, na heri ya Pasaka. Tumesali vizuri, kanisa lilijaa. Nilipika pilau, nikala, iliyobaki nikaiweka. Nimemtumia Bertilla mdogo kofia ya sufu kwa mkono wa Yonas. Mwambie Minza aioshe kwa maji baridi.

Nimesoma ile habari ya jiwe mara nyingi.

Lakini babu, huko ni kijijini. Hapa tuko milango minane kwenye uwanja mmoja na kila mlango una ndoo yake, fagio lake, jiko lake la gesi, hadi kamba yake ya kuanikia. Kuna kamba nane pale nje, huwezi kupita bila kuinama. Bomba la maji ni moja na ndilo tunalogombania. Baada ya barua yako nikasema ngoja nijaribu. Nikagonga mlango wa pili, nikamwambia yule dada, pasi yangu ipo, ukiihitaji chukua. Alinitazama kana kwamba nimemwuliza chupi yake ni rangi gani. Juzi akaichukua kweli. Imerudi imeungua, ina nailoni imeganda chini, na akaiacha mlangoni bila kugonga. Kwa hiyo mimi na kushirikiana tumeachana.

Sasa nami nina swali, usiliruke. Barua yako ya kwanza mistari ilikuwa imenyooka. Ya pili mistari imepandana, neno "Bertilla" umeliandika juu ya neno "Masanja", nimelisoma kwa kushika karatasi dirishani. Halafu mwisho umeandika nje ya karatasi, najua kwa sababu sentensi zinaishia hewani. Na shangazi anasema pale darajani ulimsalimia kama mgeni. Babu, macho yako yana nini?

Abel hajambo. Ana kazi nyingi siku hizi.

Bado nakuja baada ya mavuno.

Coleta


Kaengesa,
11 Mei 2025

Coleta mke wangu,

Hapa ni baridi ya kukausha mate. Mahindi yamekauka, tunaanza kuvunja wiki ijayo, kwa zamu, leo kwa huyu kesho kwa yule, na pombe mtungi mmoja unaotutangulia. Padre alipita kubariki mazao. Yusto akayatoa masufuria yote makubwa, mke wake akapika kuku wanne, padre akala mmoja na nusu, nikamwambia Mungu ampe afya kama alivyompa nafasi. Hakukasirika. Ni kijana, atazoea. Kofia ya Bertilla imefika, inamfika puani, anaonekana kama askofu.

Umeniuliza kuhusu karatasi. Kalamu za siku hizi ni mbovu. Tena naandikia gotini, meza ipo kwa Hellena.

Tuje kwenye pasi yako. Ulikosea, nami nilikosea kutokukufundisha. Umekwenda kwa mtu asiyekujua ukamwambia chukua changu. Umemfanya maskini mlangoni kwake mwenyewe! Lazima aiunguze. Mimi nisingeiunguza, ningeiuza. Usianze kwa kutoa, mama. Anza kwa kuomba. Nenda kamwombe kitu kidogo ambacho wewe unacho, kifiche kabisa chini ya kitanda, mwambie huna. Akikupa kitu chake atakuwa na sababu ya kuja kukitazama, maana kila mtu huona jirani yake hajui kutunza. Akija, mkaribishe kiti. Ndivyo tulivyofanya hapa. Unadhani Masanja alipokuja kutoka Usukuma na ng'ombe wake tulimpenda? Tulimwogopa, tukasema ng'ombe watakula mahindi, na kweli walikula. Bibi yako ndiye aliyekwenda kumwomba Minza mwiko. Mwiko! Na bibi yako alikuwa nayo mitano jikoni kwake. Minza alikuja kuufuata mwiko, akakaa mpaka jioni.

Na sasa nami nina swali, usiliruke. Umepika pilau Pasaka, "nikala, iliyobaki nikaiweka". Nani mwenye mume anapika pilau ikabaki ya kuweka? Huyo Abel ninayemjua, ukipika pilau akiwa Tunduma anaisikia harufu. Tangu Krismasi barua zako zina Abel anakusalimu, Abel hajambo, Abel ana kazi. Hajakohoa, hajachelewa kurudi, hajaudhi mtu. Mume wa namna hiyo hajazaliwa.

Mimi nimesoma mpaka darasa la nne tu, na la nne lenyewe nililiingia dirishani. Lakini mke ni wangu, namjua. Ukinyamaza kuhusu Abel, nami nitaendelea kulaumu kalamu.

Baltazari


Mbeya,
29 Juni 2025

Babu,

Shikamoo. Barua yako ya Mei nimeipata juzi. Yonas anasema aliumwa na koti lilikuwa nyumbani. Lakini hata ingefika mapema sijui kama ningejibu mapema.

Abel aliondoka kabla ya Krismasi, akaenda Chunya kwenye machimbo ya dhahabu. Alisema miezi miwili. Mwezi wa pili, wiki ileile niliyoambiwa umekufa, alinitumia ujumbe kwamba nisimngoje, ameanza maisha mengine huko. Ujumbe wa simu, babu, mistari mitatu. Hizo salamu zote nilikuwa nazitunga mwenyewe. Nikifika pale pa kuziandika nilikuwa nanyanyua kalamu, nakwenda kunywa maji, narudi naandika. Sikutaka ujue, kwa sababu ulinikabidhi kwake mbele ya watu na bibi akiwa hai, na ulicheka sana siku ile.

Sasa niseme na hili. Nilikwambia nataka kukuchukua kwa sababu uko peke yako. Nilikuwa naandika habari zangu na kuweka jina lako. Wewe una watu wanaolalamikia uji wako. Mimi nikizima cherehani jioni nasikia saa ya ukutani. Nilikuwa najiambia, babu akija nitapika, nitagombana na mtu kuhusu chumvi. Nisamehe kwa yale niliyosema kuhusu Masanja.

Nilifanya ulivyosema. Nilificha chujio langu chini ya kitanda, nikaenda mlango wa pili kuomba chujio la chai. Anaitwa Faith. Miezi kumi tumekaa ukuta mmoja, sikulijua jina lake. Alinipa huku akisema, "Lina nyuzi laini, usilikwangue." Baada ya muda mfupi akaja kuliangalia. Nikampa kiti. Akaona cherehani, akasema yeye aliwahi kujifunza kushona, cherehani yake dada yake aliiuza akala hela. Kisha akasema, "Ile pasi ni mimi. Niliona aibu kugonga." Sasa anakuja jioni, anapinda pindo za sketi nami nakata. Wiki iliyopita tumekata kamba tano za kuanikia, tumebakiza tatu. Mwenye mlango wa sita amelalamika, lakini amebakia kulalamika hapohapo kwangu mpaka chai ikaisha.

Kwa hiyo sitakuja na kufuli. Kaa kwako.

Lakini macho, babu. Nimeuliza hospitali hapa. Nimewaeleza mistari inavyopandana, wakasema kwa umri wako inaelekea ni mtoto wa jicho, wanaondoa, watu wanaona tena, ila wasipoondoa utaendelea kuzama gizani. Njoo kwa hilo tu. Ukikataa nitajua hujakataa Mbeya, umeogopa kisu.

Coleta


Kaengesa,
13 Julai 2025

Kwa Coleta,

Mimi Minza ndiye ninayeandika, maneno ni ya mzee. Ameniambia niandike kila anachosema na nisiongeze kitu. Shikamoo dada. (Hiyo nimeongeza.)

Mke wangu, marahaba. Sisi wazima, mahindi yameingia ghalani, Hellena ameuza pacha mmoja, akabaki na padre mmoja. Nimemtafuta Minza aandike kwa sababu ana mwandiko mzuri. Hapana, futa. Andika kwa sababu sioni. Andika hivyohivyo. Jicho la kushoto lilifunga kabla ya Krismasi, la kulia linaona kivuli cha mtu na mwanga wa mlango. Barua zako nasomewa na huyuhuyu Minza na amekula kiapo kwa jina la mtoto wake kwamba hasemi. Nilinyamaza kwa sababu kipofu ndiye anayechukuliwaga na kufungiwa kufuli. Ndiyo maana nilitoa vitu mapema. Nilikuwa naijua njia ya kwenda kitandani, na kila sufuria ilikuwa inanitegea mguu.

Kuhusu Abel, mwambie, yaani usimwambie kitu, amekwisha. Andika kwamba nimetukana hapa tusi refu na Minza amekataa kuliandika. Ni kweli dada, nimekataa. Mke wangu, nilicheka siku ya harusi yako kwa sababu ulikuwa unacheka. Basi. Sikukukabidhi kwa mtu, nilikusindikiza. Pale nyumbani kwako ukisikia saa ya ukutani inakusumbua, toa betri.

Jana niliwaita wa nyumba zote na kuwasomea, yaani Minza aliwasomea, habari ya hospitali. Mabishano yalikuwa makubwa. Yusto akasema tuombe novena kwanza, Hellena akamwambia novena haijamwotesha jino. Hellena mwenyewe akasema nisiende, wazee wakienda mjini hawarudi, mjukuu atampenda, atamzoea, atamweka. Ndipo Masanja akasimama. Unajua haongei. Akasema, "Hapa hatumkatazi mtu kuchukua kitu. Coleta ana shida na mzee, basi amchukue. Lakini mzee ni wa hapa. Atumike huko, kisha arudi kabla ya mvua za kupanda." Wakapiga makofi kidogo, kama siku ile ya mikeka.

Kwa hiyo umeniazima, mke wangu. Nakuja Jumatano ijayo na basi la Yonas. Jicho likitengenezwa vizuri nitakaa nikutazame nawe uniudhi mpaka Oktoba. Huyo Faith mwambie aandae kiti, mimi naazima vitu tangu siku ya kwanza. Jiwe la kunolea nimelikabidhi kwa Hellena, naye amesema watu watakuja kunoa hapahapa kwangu, atakuwa anafungua mlango asubuhi ili nyumba isikae kimya.

Ni hayo. Weka jina langu, nami nitie kidole.

Baltazari

Dada Coleta, sasa mzee ametoka nje, nimebaki na karatasi. Nakuandikia mimi. Kisu anakiogopa sana, ameniuliza mara nyingi kama wanakatia jicho ndani au nje, na jana usiku hakulala. Chupa ya chai tumempelekea. Nguo zake nimezifua, ziko kwenye mfuko wa bluu, koti alilovaa siku ya harusi yako liko juu. Pale stendi ya Mbeya kuna watu wengi na magari, hataona kitu, na hatakubali kusema. Mshike mkono. Ila tembea nyuma yake kidogo, aone kama yeye ndiye anayekuongoza wewe.

Minza